Wasomaji Wauliza: Lamu Yaweza Kuwa na Chama Chake cha Mazingira?

Barua za mwezi huu zimekuja kwa wingi kutoka Amu, Shela, Pate na Malindi, na nyingi zazunguka jambo moja: siasa za mazingira, na kama kaunti yaweza kuwa na chama chake mfano wa yale majimbo ya nchi za nje. Palipohitaji maelezo tumeeleza kwa kirefu. Pale sheria ilipo wazi tumekata maneno.

Assalaam aleikum. Sisi ni kikundi cha vijana. Kila uchaguzi vyama vyaja na ahadi, kisha mikoko, maji ya Shela na taka za mjini zasahauliwa. Twasikia kuna nchi ambako jimbo moja lina chama chake cha mazingira na chapata viti. Twataka kuanzisha Chama cha Mazingira cha Lamu. Tuanzie wapi?
*Vijana wa Langoni, Amu*

Waaleikum salaam, vijana wetu. Tuanze na lililo gumu: chama cha kisiasa cha Lamu peke yake hakisajiliki Kenya. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa, na kinakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Hilo jina mlilochagua, lenye neno Lamu ndani yake, latosha kuwarudishia fomu zenu.

Chama cha mazingira cha nchi nzima kinaruhusiwa, na hesabu yake ni hii. Mnaomba kwanza usajili wa muda kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, mkipeleka jina, nembo, rangi na katiba ya chama. Siku mnayopewa cheti cha muda ndiyo mnayoanza kuhesabu siku 180 za kuomba usajili kamili. Ndani ya siku hizo muwe mmeandikisha wapiga kura wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, kwa hivyo mnahitaji 24, yaani watu 24,000 kwa uchache, na ofisi za matawi katika kaunti hizo. Kwenye uongozi, jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Mkiandikisha watu 10,000 hapa Lamu, Msajili atawahesabia kaunti moja tu.

Wanaojaribu hukwama zaidi kwenye orodha ya wanachama. Sheria haimruhusu mtu kuwa katika vyama viwili, na Wakenya wengi wamejikuta wameandikwa kwenye vyama wasivyovijua. Jina likionekana kwingine, halihesabiki kwenu. Basi kabla hamjachukua jina la mtu, mwambieni aangalie uanachama wake kwenye huduma za Msajili kupitia eCitizen. Akijikuta ameandikwa, aandike barua ya kujiuzulu kwa chama hicho na nakala aipeleke kwa Msajili. Wala msikusanye nakala za vitambulisho mtaani na kuwaandikisha watu bila idhini yao. Hilo ni kosa la jinai.

Rai yetu ni kwamba msianzie kwenye chama. Anzeni na kikundi cha kijamii kilichosajiliwa chini ya sheria ya vikundi ya 2022, kinachohitaji watu 10 tu, katiba fupi na kumbukumbu za kikao cha kukiunda, kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Kikundi hakiwezi kusimamisha mgombea, wala kisijiite chama cha kisiasa. Lakini chaweza kuandika maombi kwa bunge la kaunti, kudai hati za serikali, kupinga leseni na kwenda mahakamani, na mafanikio makubwa ya mazingira yaliyopatikana Lamu yamepitia huko.

Nimewasomea wanafunzi wangu kwamba chama cha kwanza cha kijani, yaani cha mazingira, duniani kilitoka kwenye kisiwa, tena jimbo dogo. Kilipataje nguvu? Na kwa nini sisi wa visiwani tusiweze?
*Mwalimu, Mkomani*

Mwalimu, kisiwa hicho ni Tasmania, jimbo dogo kabisa kati ya majimbo ya Australia. Mwaka 1972 shirika la umeme la jimbo lilikuwa linalizamisha ziwa Pedder kwa ajili ya mabwawa ya umeme, na vyama vyote viwili vikubwa vilikubaliana na mradi. Tarehe 23 Machi mwaka huo watu walikutana katika ukumbi wa mji wa Hobart wakaunda United Tasmania Group, kinachotajwa kuwa chama cha kwanza cha kijani duniani. Mwezi uliofuata kiliingia kwenye uchaguzi wa jimbo na hakikupata kiti. Ziwa likazama.

Miaka kumi baadaye ukaja mradi mwingine wa bwawa, ambalo lingeuzamisha mto Franklin. Kuanzia Desemba 1982 watu waliuzuia kwa miili yao na mitumbwi, na zaidi ya 1,200 walikamatwa. Miongoni mwao alikuwamo daktari Bob Brown, aliyekaa gerezani siku 19. Alipotoka Januari 1983, kesho yake akawa mbunge wa jimbo kwa kujaza kiti kilichoachwa wazi.

Ufunguo wa viti vyao ni namna ya kuhesabu kura. Kule eneo moja la uchaguzi halitoi mbunge mmoja. Leo maeneo ni 5, na kila moja latoa wabunge 7. Mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea. Kura halali zagawanywa kwa 8, kisha yaongezwa moja, na hicho ndicho kiwango cha kushinda kiti. Tuchukue mfano wa kura 64,000: ukigawa kwa 8 wapata 8,000, ukiongeza moja ni 8,001. Mgombea akizidisha, ziada yake yahamia kwa wale waliopangwa wa pili na wapiga kura wake. Aliye mkiani anaondolewa, na kura zake nazo zahama. Kwa hivyo kundi linalozidi asilimia 12.5 ya kura lina kiti.

Sasa tazama wadi yetu. Wakipigania wagombea watano kura 3,000, aliyepata 900 aweza kuchukua kiti, na aliyepata 800 akarudi nyumbani mikono mitupu. Watetezi wa mazingira wenye asilimia 15 katika kila wadi ya Lamu, kwa Hare-Clark (ndiyo jina la mfumo wa Tasmania) wangekuwa na sauti bungeni. Kwa mfumo wetu hawana hata kiti kimoja. Kwa hiyo mwalimu, ukiwauliza wanafunzi kwa nini Tasmania ilifaulu, wasiishie kwenye ushujaa wa watu wake. Wafanye na hiyo hesabu.

Wapinzani wao waliielewa vizuri. Mwaka 1998 vyama viwili vikubwa viliungana kupunguza bunge kutoka viti 35 hadi 25, yaani wabunge 5 kwa kila eneo. Kiwango cha kushinda kikapanda kutoka asilimia 12.5 hadi karibu 16.7, na chama cha kijani kikashuka kutoka viti 4 hadi 1 katika uchaguzi wa mwaka huo huo. Bunge lilirudishwa kwenye viti 35 kwa uchaguzi wa 2024, na chama hicho kikapata 5.

Kuna mwaka mmoja ambao watu wa Lamu wangefaidika kuusoma kwa makini, nao ni 1989. Viti vilikuwa 35: chama cha Liberal kilikuwa na 17, Labor 13, na watu wa kijani 5, ambao wakati huo walikuwa wagombea huru. Hakuna aliyefikia 18 peke yake. Wale watano hawakuomba uwaziri. Waliandikiana mkataba na Labor, wakautia saini hadharani: wao waunge mkono bajeti na uhai wa serikali, na serikali itekeleze mambo yaliyoorodheshwa, yakiwamo kupanua eneo la pori linalolindwa kama urithi wa dunia. Eneo likapanuliwa. Mkataba ulivunjika mwaka uliofuata, serikali ilipoamua kuongeza kiwango cha vipande vya mbao vya kuuzwa nje, kinyume na walivyokubaliana.

Bunge la Kaunti ya Lamu lina wawakilishi wadi 10 waliochaguliwa: Faza, Kiunga na Basuba upande wa Lamu Mashariki, na Shela, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari upande wa Magharibi. Wakiongezwa wale wa kuteuliwa bado ni bunge dogo sana. Wawili watatu wenye orodha moja iliyoandikwa, wanaojua watakalolikubali na watakalolikataa kwenye bajeti, wana uzito mkubwa kuliko idadi yao.

Chama kama hicho kikishika serikali ya jimbo, chaweza kusimamisha mradi wa taifa? Nauliza kwa sababu ya bandari. Sisi wavuvi wa mkondo wa Manda tumeshaambiwa tutafute pengine.
*Mvuvi, Matondoni*

Mara nyingi hakiwezi, mzee wetu, na mfano mzuri uko Ujerumani. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo la kwanza kuongozwa na mtu wa chama cha kijani. Winfried Kretschmann alichukua uongozi Mei 2011, baada ya uchaguzi uliofanyika wiki mbili tu tangu ajali ya mitambo ya nyuklia ya Fukushima, Japani. Chama chake kilikuwa kimepigania kusimamishwa kwa kituo kikubwa cha reli cha chini ya ardhi mjini Stuttgart. Kilipoingia madarakani kikawaachia wananchi waamue: Novemba 2011 ikapigwa kura ya maoni iwapo jimbo lijitoe kwenye kugharamia mradi. Karibu asilimia 59 walikataa jimbo lijitoe. Serikali ya kijani ikalazimika kuendelea na mradi ilioupinga.

Tasmania nayo ina funzo lake. Bwawa la Franklin lilizimwa na serikali kuu, huku serikali ya jimbo ikilitaka kwa nguvu zote. Mahakama Kuu ya Australia iliamua tarehe 1 Julai 1983, majaji 4 kwa 3, kwamba serikali kuu ina uwezo wa kulizuia.

Kwetu mgawanyo uko kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Bandari za meli za kitaifa na kimataifa, sera ya nishati na ulinzi wa mazingira kwa jumla ni kazi za serikali ya taifa. Kaunti ina uvuvi, taka ngumu, maji, mipango ya ardhi na majengo, na utekelezaji wa sera za taifa kuhusu misitu na udongo. Basi hata gavana na wawakilishi wote wangekuwa wa chama cha mazingira, wasingeweza kuifunga bandari.

Lakini wavuvi hawakuachwa mikono mitupu. Kesi iliyofunguliwa mwaka 2012 kuhusu bandari ya Lamu, iliyo sehemu ya mradi wa taifa wa uchukuzi uitwao LAPSSET, iliamuliwa tarehe 30 Aprili 2018, na majaji wakasema haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni na haki ya kupata habari zilikiukwa, wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kesi haikuzuia gati, ila ilimpa mvuvi hadhi ya mtu mwenye haki iliyoguswa, na hilo lina thamani katika kila mradi utakaokuja baadaye. Mzee, hakikisha jina lako limo kwenye daftari la BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya bandari yako ndogo na kadi yako haijapitwa na wakati. Asiyeandikwa humo hupata taabu kuthibitisha kwamba yeye ni mvuvi.

Je, si Profesa Wangari Maathai alikuwa na chama cha mazingira? Kiliishia wapi?
*Msomaji, Malindi*

Ndiyo. Aliingia bungeni kwa kiti cha Tetu kwenye uchaguzi wa 2002 kwa tiketi ya NARC, akawa waziri msaidizi wa mazingira, na mwaka 2003 akaanzisha Mazingira Green Party of Kenya. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kwenye uchaguzi wa 2007 alishindwa katika mchujo wa PNU, akagombea kwa tiketi ya Mazingira, na kiti kikaenda kwa mwingine. Mtu aliyejulikana dunia nzima alishindwa na mfumo wa mshindi mmoja kwa kila eneo. Kazi yake iliyoacha alama kubwa, Green Belt Movement ya 1977, haikuwa chama cha siasa.

Mimi ni mama wa Shela. Wenzangu wananitaka nigombee uwakilishi wadi bila chama, kwa sababu ya matuta ya mchanga ambayo ndiyo hazina yetu ya maji. Nifanye nini na nini?

Mama, uamuzi wako una maana, kwa sababu mipango ya ardhi iko mikononi mwa kaunti, na matuta ya Shela yakijengwa, maji ya chini yataharibika. Kisima kikiingia chumvi hakisafishiki kwa kuomba radhi.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Katiba, kifungu cha 85, inamtaka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Usingoje Mei. Hakikisha sasa hivi kwamba hujaandikwa chama chochote, hata kama hukuwahi kuchukua kadi, na ukijikuta umeandikwa, jitoe na uhifadhi barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi yako. Kwa kiti cha Bunge la Taifa ni 1,000 wa eneo bunge, na kwa Seneti ni 2,000 wa kaunti. Kusanya 700. Katika kila orodha hutokea majina ya watu waliojiandikisha wadi nyingine, namba za vitambulisho zilizokosewa tarakimu moja, na mtu aliyetia saini mara mbili kwa sababu ya kukupenda. Andika mwenyewe namba kutoka kwenye kitambulisho alichokishika mtu mkononi. Usiandike kwa kuambiwa. Watu wengi wanaoishi Shela kura zao ziko Mkomani, na kinyume chake, kwa hivyo uliza kituo cha kupigia kura kabla hujampa kalamu.

Nembo yako iwasilishwe kwa tume ya uchaguzi, IEBC, angalau siku 21 kabla ya uteuzi wa wagombea. Chagua picha ambayo mtu asiyesoma ataitambua kwenye karatasi ndogo yenye nembo nyingi, na isifanane na ya chama chochote. Mashua yenye tanga huonekana vyema. Mti hapana, miti ni mingi kwenye karatasi za kura.

Kwenye ilani andika yaliyo ndani ya uwezo wa kaunti tu: mpango wa matumizi ya ardhi unaoyataja matuta kwa mipaka, fungu la fedha la kuzoa taka, na kanuni za uchimbaji wa visima. Ukiahidi kuondoa bandari, mpinzani wako atakumaliza kwa swali moja.

Kumebandikwa tangazo la mradi karibu na kijiji chetu. Watu wa mradi walikuja mara moja, wakatoa soda, wakapitisha karatasi ya mahudhurio. Sasa twaambiwa kijiji kimeridhia. Tuna njia gani?
*Wanakijiji, upande wa bara, Lamu Magharibi*

Ndugu zetu, hili ndilo tungependa kila kijiji kilijue, kwa sababu ndilo lililozima mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapa Lamu. Mtambo huo ulipangwa kuwa wa megawati 1,050. Mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, iliupa leseni Septemba 2016. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira, NET, lilifuta leseni hiyo katika rufaa ya Save Lamu na wenzao, na sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma. Mikutano ilifanyika, ila ilikuwa ya kujulishana, kabla utafiti wa athari haujakamilika. Watu hawakupewa nafasi ya kuijadili ripoti yenyewe. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilishikilia uamuzi huo.

Kanuni za tathmini za 2003 zinasema wazi mwenye mradi afanye nini wakati wa utafiti: abandike mabango mahali penye watu karibu na eneo la mradi, atangaze kwenye gazeti la nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na jamii zitakazoguswa. Ninyi mwasema alikuja mara moja. Basi andikeni leo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi: tarehe, mahali, nani alisema nini, kwa lugha gani, na kama ripoti ilionyeshwa. Pigeni picha bango pamoja na kitu kinachotambulika nyuma yake, na mhifadhi tarehe ya picha.

Karatasi ya mahudhurio ndiyo mtego mkuu. Saini ya kufika mkutanoni hugeuzwa saini ya kukubali. Kabla ya kutia saini, someni kichwa cha karatasi. Kikiwa kitupu, andikeni wenyewe juu: "Mahudhurio tu, si idhini," kisha mpige picha ukurasa mzima.

Hatua inayofuata ni kuidai ripoti. Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inakubali ombi lililoandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hivyo hamhitaji wakili wa kuwaandikia. Tajeni jina la mradi, mahali ulipo, na kwamba mnataka ripoti kamili ya tathmini pamoja na viambatisho, maana orodha za mahudhurio na picha za mikutano hukaa kwenye viambatisho. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, mnalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

NEMA ikitangaza kuwa ripoti imepokelewa, tangazo hutaja muda wa kutoa maoni. Pelekeni maoni yenu kwa maandishi, nakala mbili, moja ibaki kwenu ikiwa na muhuri. Maoni ya mdomo hayana ushahidi. Taja mambo ya mahali: kina cha visima vyenu, miezi ya kusi na ya kaskazi na upepo unaelekea wapi, njia za mifugo, makaburi, mahali samaki wanapozalia. Ripoti nyingi huandikwa na watu waliokaa siku chache, na kosa la upepo au la mkondo wa maji mtaliona ninyi kwanza.

Leseni ikitolewa hata hivyo, mna siku 60 za kukata rufaa NET. Hapa ndipo vijiji vingi huanguka, kwa sababu hungoja mkutano na mbunge, kisha mkutano na gavana, na siku zinakwisha. Fanyeni mikutano hiyo mkipenda, lakini rufaa iwe imeshaingia. Asiyeridhika na uamuzi wa NET huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30. Tena kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kudai haki ya mazingira safi mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara, kwa hivyo hata mzee asiye na shamba pale aweza kuwa mlalamishi.

Sisi Malindi na Watamu, twaweza kupiga kura yetu ya maoni kuhusu kinu cha nyuklia kilichopangwa Uyombo, Kilifi?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 90, inaruhusu kura ya maoni ya mahali kuhusu sheria za kaunti, au uamuzi wa mipango na uwekezaji unaoigusa kaunti, iwapo maombi yametiwa saini na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa wa eneo husika. Nishati ya nyuklia ni jambo la taifa, na kura hiyo isingeifunga serikali kuu. Nguvu zenu ziwekeni kwenye hatua tulizowaeleza wanakijiji hapo juu, na kwenye mpango wa ardhi wa Kaunti ya Kilifi.

Bajeti ya kaunti huamuliwa lini? Kila tukienda twaambiwa tumechelewa.
*Kikundi cha usafi, Faza*

Shikeni tarehe nne. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, unaogawa mafungu kwa idara, ifikapo 28 Februari. Makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili. Kupitishwa ni kabla ya 30 Juni. Wengi huja Mei, na wakati huo mafungu ya idara yamekwisha kugawanywa tangu Februari. Mnachoweza kubadilisha ni vijisehemu. Ombi lenu la jaa la taka lipelekeni Agosti, likiwa na mahali halisi, umiliki wa kiwanja na makadirio ya gharama, kisha lifuateni tena Januari.

Mimi ni mkata mikoko. Nikisikia chama cha mazingira nasikia njaa. Mwaka 2018 msitu ulifungwa tukakaa na madeni. Hao wa kijani watatufanyia nini?
*Mkunumbi*

Bwana, hofu yako ina msingi. Marufuku ya ukataji ya Februari 2018 ilitangazwa kwa ajili ya misitu ya vyanzo vya maji huko bara, na mikoko ikaingizwa humo humo. Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na familia nyingi huishi kwa mapau, mazio na boriti. Tumeshaeleza kwamba mkataba wa Tasmania wa 1989 ulivunjikia kwenye mbao. Mtu yeyote atakayegombea Lamu kwa jina la mazingira na hajaketi na wakataji kwanza, hatufikirii kwamba anastahili kura.

Kinachoweza kukulinda ni chama cha jamii cha msitu chini ya sheria ya misitu ya 2016. Kikisajiliwa, kinaingia mkataba wa usimamizi na shirika la misitu, KFS, kwa sehemu maalumu ya msitu. Kwenye mkataba huo pawekwe sehemu za kukata kwa zamu, idadi ya korja kwa kila leseni, na unene wa miti inayoruhusiwa. Msikubali maneno ya jumla kama "matumizi endelevu," kwa sababu afisa akibadilika tafsiri nayo hubadilika. Dai pia kifungu kinachosema kwamba kabla ya kufungwa, chama chenu kipewe taarifa ya maandishi na nafasi ya kujibu.

Upande wenu, acheni miti mama inayozaa na msikate ukanda wa mbele unaopigwa na mawimbi. Kwenye kupanda, kila mti na mahali pake: mlilana mbele baharini, mkoko nyuma yake kwenye tope laini la vijito, kisha muia na mkandaa, na mchu pale juu ambapo maji ya bamvua pekee ndiyo hufika. Upandaji mwingi hufa kwa sababu mkoko, ulio rahisi kuokota, hupandwa kila mahali, hata kwenye mchanga mkavu wa juu. Okoteni mbegu za mkoko zilizoanguka zenyewe zisizo na matundu ya wadudu, mchomeke theluthi moja ya urefu wake kwenye tope, ncha iliyochongoka chini, na mhesabu zilizo hai baada ya miezi sita. Hesabu hiyo, ikiwa na tarehe na jina la kijito, iambatanishwe na kila ombi la leseni mtakalopeleka KFS.